Riwaya ya Kijapani kwenye Banda la Korosho

Kitabu chenyewe kilinifikia bila jalada la mbele. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mwalimu wa sekondari Masasi, alikikuta kwenye maboksi ya vitabu vya msaada yaliyoletwa shuleni kwao. Vya hesabu na sayansi vilipelekwa maktaba. Vya hadithi vilirundikwa stoo, kwa sababu havikuwa kwenye mtaala na hakuna aliyejua vifanyiwe nini. Yeye ananijua. Tangu tukiwa wadogo kwetu Chiwata, mimi nikikuta gazeti lililofungiwa sukari nalisoma pande zote mbili, hata matangazo ya vifo. Basi akaomba ruhusa, akachukua kimoja, na alipopanda Newala kuja kunisalimia akanikabidhi pamoja na mfuko wa mbaazi.

"Dada, hiki ni cha Mjapani," alisema. "Wameshakigeuza Kiingereza. Mimi nimesoma kurasa kumi nikasinzia. Hakuna kinachotokea. Mtu anamenya matunda tu."

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, tena cha daraja la nne, na tangu niolewe Newala sikuwa nimekitumia ila kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa. Nilikipokea kitabu kwa kumheshimu mdogo wangu, nikakiweka juu ya kabati la vyombo. Lakini lile neno lake, kwamba mtu anamenya matunda, lilinikaa. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kumenya.

Nipo kwenye kikundi cha akina mama tunaobangua korosho. Korosho ikishatolewa ganda la nje na kukaushwa, inabaki na ngozi nyembamba ya kahawia. Hiyo ndiyo tunayoitoa kwa kisu kidogo, punje moja baada ya nyingine, bila kuivunja. Tunakaa kumi na wawili kuzunguka meza ndefu bandani, vitambaa vyeupe kichwani, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Ni kazi ya vidole. Kichwa kinabaki hakina la kufanya, kwa hiyo watu huongea, na wakishaongea kuhusu kila mtu wanaanza upya.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nilikishusha kile kitabu. Ukurasa wa kwanza ulinichukua mpaka jua likazama. Nilikuwa na kamusi yangu ya shule, ambayo kurasa zake za mwisho zilishachanika, kwa hiyo maneno ya herufi za mwisho nilikuwa nayabahatisha. Ukurasa ule ulieleza mikono ya mwanamke mzee anayemenya matunda ya rangi ya chungwa ili ayatundike kwenye kamba yakauke. Mwandishi alisema utomvu wa tunda lile huingia kwenye nyufa za vidole na hautoki kwa sabuni, hivyo mtu akikunyooshea mkono unajua kazi yake kabla hajakutajia jina.

Niliitazama mikono yangu. Mafuta ya ganda la korosho nayo yana alama yake, na sisi tulioanzia kwenye kubangua kabla ya kumenya tunayo mpaka leo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi shuleni, vya Kiswahili na vya Kiingereza, na sikumbuki hata kimoja kilichoanza na mikono kama yangu. Nilisimama, nikanywa maji, nikarudi kukaa palepale. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa kwenye mkutano na kukuta jina lake limeshaandikwa.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na picha ndogo ya mwandishi. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, hacheki. Maelezo chini yake yalikuwa mistari miwili, kwamba bado yu hai, anaandika, na anaishi katika mji mdogo upande wa baridi wa Japani. Nilifurahi kwamba yu hai. Sijui kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito kwangu, ila lilikuwa nao.

Kule bandani nilianza kwa kumsimulia jirani yangu mezani, dada mmoja mdogo kuliko mimi aliyekuwa amejifungua karibuni na machozi yake yalikuwa karibu. Nilimsimulia kwa sauti ya chini nilichokisoma jana. Siku ya tatu meza nzima ilikuwa kimya. Siku ya nne mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliweka kisu chini.

"Wewe, kama unasimulia, simulia wote tusikie. Au kilete hicho kitabu."

"Nikikileta sitamenya, mwenyekiti. Siwezi kushika kitabu na kisu."

Mwenyekiti akasema kila mtu atoe konzi moja ya punje zake alizomenya aiweke kwenye sinia langu, na mimi nisome saa moja baada ya mapumziko ya saa nne. Hakuna aliyebisha. Siku hiyo nilirudi nyumbani na sinia lililojaa kuliko la siku nyingine yoyote, na sikuwa nimeigusa punje hata moja kwa saa nzima. Nawaambia watu mpaka leo kwamba mimi niliwahi kulishwa na riwaya.

Kazi ilikuwa ya kweli lakini. Kila alfajiri, kabla ya kuteka maji, nilikuwa nakaa mlangoni na daftari nikigeuza kurasa mbili kwa Kiswahili, nikikata, nikiandika upya, kwa sababu nilijua nikifika bandani sitakuwa na nafasi ya kubabaika. Mimi ni Mmakua wa Chiwata, Kimakonde changu nimejifunzia hapa juu Newala, na wenzangu wanakicheka mpaka leo. Kiswahili kilikuwa katikati yetu. Pale ambapo mama mmoja mtu mzima hakuelewa, mwenzake alimgeuzia kwa Kimakonde, nami nikangoja.

Yalikuwepo mambo ya kueleza. Tunda lile halikuwa kwenye kamusi. Kitabu kilisema ukilila bichi linakaba ulimi, lina ukakasi, mpaka likaushwe ndipo linakuwa tamu. Meza yote ikasema kwa pamoja kwamba hilo ni bibo, tunda la mkorosho, kwa sababu bibo nalo linakereketa hivyohivyo. Nikasema labda ni ndugu yake. Tukaliita bibo la Japani. Theluji ilikuwa ngumu zaidi. Neno wanalijua, lakini kujua neno si kuona watu wakitembea juu yake. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi Newala ina ukungu mpaka humwoni anayekusalimia, na sote tulikuwa na masweta. Nikawaambia wauchukue huo ukungu, wafikirie umeanguka chini, ukaganda, ukafika magotini.

"Na kuni wanapata wapi?" aliuliza Bibi.

Huyo Bibi nimweleze vizuri. Alikuwa mkubwa wetu mezani, mzaliwa wa Mnyambe, akiishi kwa binti yake pale Newala. Hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa anatumia ugoro, na kwa kuwa bandani ugoro ni marufuku, saa zote za kazi alikuwa na hasira kidogo. Alikuwa anamenya kutuzidi wote na hakuwa mtu wa kusifu. Mambo mengine alikuwa hayajui na hakubali kufundishwa. Aliamini kabisa kwamba Wajapani wanakula samaki mbichi kwa sababu ya shida ya kuni, na nilipomwambia ni mapenzi yao tu, aliniambia nisimdanganye mtu mzima.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Binti mmoja anafika katika kijiji cha baridi akimtafuta kijana aliyeahidi kumwoa. Kijana hayupo, ameondoka na hajulikani alipo. Aliyepo ni mama yake, yule mzee anayemenya matunda. Theluji inaanguka, magari hayapiti. Na hapo, ukurasa wa tatu, palikuwa na sentensi fupi ya kusema mzee alimfanya nini yule binti. Ilikuwa na maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo kila moja peke yake nalijua tangu darasa la tano, lakini yakikaa pamoja yanageuka. Nikafungua kamusi. Maana iliyotajwa kwanza ilikuwa kulaghai. Nikaandika kwenye daftari kwamba mzee alimtazama binti, akautazama mzigo wake, kisha akamlaghai.

Niliwasomea hivyo. Na tangu hapo, kila alichokifanya yule mzee tulikiona kwa jicho hilo. Akimpa binti kisu amfundishe kumenya, tulisema anamtumikisha. Akimwambia kwamba mwanawe huenda atarudi, tulisema anamzuia asiondoke. Ikaja barua kutoka kwa kijana, tarishi ameileta kwa miguu, mzee akaisoma peke yake, akaificha ndani ya kopo la majani ya chai. Siku hiyo mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja. Wakampa mzee jina, Mlaghai, na asubuhi nikifika watu walikuwa wananiuliza, Mlaghai leo anafanya nini. Nilipenda. Sitaficha kwamba nilipenda kuona watu wazima wanamchukia mtu wa kwenye karatasi kwa sababu ya sauti yangu.

Bibi peke yake hakulitumia lile jina.

"Huyo mzee simwelewi," alisema siku moja bila kuinua macho. "Umesema usiku wa baridi alimpa binti blanketi lake."

"Ndiyo, Bibi. Imeandikwa."

"Mimi nikitaka kumtumikisha mtu, blanketi langu nalala nalo."

Watu walicheka. Mwenyekiti akasema walaghai ndivyo walivyo, wanakuvuta kwanza. Wiki nyingine Bibi akasema tena kwamba mzee amempa binti sehemu ya samaki yenye nyama akabaki na mifupa, na hilo nalo halikukaa sawa. Nilimjibu kwa upole ambao sasa nauonea aibu. Nilimwambia kitabu kimesema ni mlaghai, na mwandishi ndiye anayejua watu wake.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mwezi wa nane nilishuka Masasi. Baba yetu kule Chiwata alikuwa anaumwa miguu na tulikubaliana mimi na mdogo wangu tumpeleke hospitali. Alipotibiwa na kupata nafuu tulirudi kwa mdogo wangu, baba akalala, nami nikakaa barazani na kitabu na daftari kuandaa kurasa za wiki inayofuata. Masasi kulikuwa na joto, mlima wa mawe nyuma ya nyumba uling'aa machoni. Nilikuwa kwenye ukurasa wa mia moja arobaini. Binti wa kitabuni anamkuta paka mlangoni, amelowa, hana mwenyewe. Na hapo yakatokea yale maneno mawili madogo, took in, safari hii binti akimfanyia paka.

Nilikaa nikiitazama ile sentensi. Mtu hawezi kumlaghai paka. Atamlaghai ili apate nini?

Nikaifungua kamusi kwenye neno lilelile. Maana ya kwanza, kulaghai. Chini yake, mstari wa pili ambao mwezi wa sita sikufika, kulikuwa na maana nyingine, kumpokea mtu nyumbani kwako akae. Nilimwita mdogo wangu aliyekuwa anasahihisha madaftari ndani, nikamwonyesha ukurasa wa tatu na wa mia moja arobaini.

Alisoma kurasa zote mbili. "Alimpokea," alisema. "Zote mbili. Alimpa mahali pa kukaa."

"Una hakika?"

"Dada, theluji magotini, msichana hana pa kwenda, mama kamfungulia mlango. Wewe uliwasomeaje?"

Nilipomwambia alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akaona uso wangu akaacha.

"Lakini ni neno moja tu," alisema. "Endelea mbele. Kuanzia sasa mfanye mzee abadilike taratibu awe mwema. Nani atajua?"

Nililifikiria shauri lake njia nzima ya kurudi, gari likipanda kona za mlima kuingia Newala. Ilikuwa rahisi, na kweli hakuna ambaye angejua. Lakini kila nilipojaribu kuipanga ile hadithi ya kubadilika taratibu, nilimwona Bibi na kisu chake akiniambia mimi ndiye niliyesoma. Yeye alikuwa amemsoma yule mzee sawasawa miezi miwili, bila kamusi, kupitia kwenye kosa langu. Mwandishi wa kule kwenye baridi alikuwa ameweka blanketi na samaki mahali pake kwa ajili ya msikilizaji wa namna yake, na ujumbe ulikuwa umefika, ila mimi niliyekuwa katikati niliuziba.

Na jambo jingine lilinisumbua. Nilijiuliza kwa nini nililipokea neno la kulaghai upesi vile, nikaacha kushuka mstari mmoja tu. Nilipokuja Newala kama mke mgeni, Mmakua kati ya Wamakonde, mama mkwe wangu alinifundisha kulima, kupika, hata kubangua korosho, na mimi miaka ya mwanzo nilidhani ananitafutia kazi. Alifariki kabla sijamwambia kwamba nilielewa vibaya. Labda ndiyo sababu. Sina hakika, lakini nililifikiria.

Jumatatu, saa nne, nilisimama badala ya kukaa.

"Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa zangu."

"Marahaba."

"Kabla sijasoma nina jambo la kusema. Nilikosea kugeuza. Mzee wa kitabuni si mlaghai."

Mwenyekiti alinitazama. "Ulikosea wapi?"

"Ukurasa wa tatu."

"Na sasa tuko wapi?"

"Wa mia moja arobaini."

Hakuna aliyecheka. Niliwaeleza yale maneno mawili, maana ya kwanza na maana ya pili, na habari ya paka. Niliwaambia nilisimama kwenye mstari wa kwanza wa kamusi kwa haraka yangu.

Yule dada mwenye mtoto mchanga alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo tumemtukana mama wa watu miezi miwili bure."

"Na ile barua?" aliuliza mwingine. "Mbona aliificha?"

"Bado sijafika pa kujua," nilisema. "Ila si kwa ulaghai."

Nikamgeukia Bibi. Alikuwa anamenya kama kawaida yake, hakupunguza mwendo. Nilitegemea aseme kwamba aliniambia. Alikuwa na haki ya kusema.

"Rudia huo ukurasa wa tatu," alisema. "Kama ulivyo."

Nikafungua daftari nilipokuwa nimefuta na kuandika upya, nikasoma. Theluji ilikuwa imefika magotini. Mzee alimtazama binti, akautazama mzigo wake, kisha akampokea ndani.

Bibi akaweka punje yake kwenye sinia. "Sasa imekaa," alisema. Akachukua punje nyingine. "Anza mwanzo."

Mwenyekiti akauliza mezani kama wote wanataka kuanza mwanzo, kurasa zote zile. Hakuna aliyekataa. Konzi za korosho ziliendelea kuja kwenye sinia langu, na niliisoma riwaya ile mara ya pili kwa watu walewale, na nawaambia haikuwa riwaya ileile. Samaki alikuwa samaki mwingine. Blanketi lilipofika, mwanamke mmoja aliacha kumenya akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Mimi nilipokuwa nasoma nilikuwa naangalia mezani nikijua kwamba sentensi moja, ikikaa mahali pake, inanyoosha kurasa mia moja.

Tulifika kwenye barua. Kijana alikuwa ameandika kwamba ameoa kwingine na hatarudi. Mzee aliificha mpaka theluji iyeyuke, kwa sababu alijua binti akiisoma ataondoka siku hiyohiyo, na njiani atakufa kwa baridi. Barabara zilipofunguka alimpa barua na nauli, akarudi kumenya. Binti akasoma, akafunga mzigo, akaenda mpaka kituoni. Gari likaja. Ukurasa wa mwisho anaingia tena mlangoni kwa mzee, anavua viatu, anakaa, anachukua kisu chake na tunda. Hawasemeshani. Kitabu kinaishia hapo.

Nilipofunga daftari saa ya kusoma ilikuwa imepita zamani. Mwenyekiti alisema tuendelee na kazi, lakini visu vilichelewa kushikwa. Halafu wakaanza kubishana kama binti alifanya vema, na ubishi ule ulitubeba mpaka msimu mpya wa korosho ulipoanza. Wapo waliosema angerudi kwao akaolewe. Bibi alisema amepata mama, mume wa nini.

Ni katika kusoma mara ya pili ndipo niliona jambo ambalo sikuliona mwanzoni. Ukurasa wa ndani, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la mtu mwingine, aliyekigeuza kitabu kutoka Kijapani. Nilikuwa nimeliruka kila mara. Nililitazama kwa muda mrefu. Naye bila shaka alikaa mahali fulani na kamusi, akakata, akaandika upya, akaogopa mstari wa pili. Nilijua sasa kwamba sikuwa nimesoma kitabu cha mwandishi peke yake. Tulikuwa watatu, yeye, na huyo, na mimi wa Chiwata niliyepata daraja la nne, na wa mwisho katika mstari ndiye niliyekifikisha Newala. Daftari zangu zilikuwa sita. Nilizishona kwa uzi wa gunia, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu jina la kitabu kwa Kiswahili, na chini yake jina la mwandishi na la yule mgeuzaji. La kwangu nililiweka la tatu, kwa herufi za ukubwa uleule. Mume wangu aliuliza kama inaruhusiwa. Nilimwambia daftari zote nimeziandika mwenyewe.

Zile daftari zimetembea. Zimefika Mnyambe kwa wajukuu wa Bibi, zimefika Tandahimba kwa dada wa mwenyekiti, zimerudi na madoa ya mafuta. Mdogo wangu, ambaye zamani alisinzia, amesoma kitabu chote, na kwa kupitia mwalimu mwenzake aliye Dar es Salaam amenitafutia kingine cha mwandishi yuleyule. Hicho kina jalada. Kinahusu wanawake wawili wanaofanya kazi kwenye kituo cha treni, na ni kigumu zaidi, ila siku hizi nasoma maana zote za kwenye kamusi mpaka mwisho. Kamusi yenyewe ni mpya, ina herufi zote. Kikundi ndicho kilichoninunulia, na mwenyekiti aliikabidhi mbele ya wote akisema ni kifaa cha kazi kama visu.

Mwaka huu, wakati maji yalipokatika, nilikuwa kwenye foleni ya bomba moja lililobaki linatoa, na ndoo zangu, watu wengi mbele. Mbele kabisa nilisikia sauti ya Bibi. Hakuniona. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikopo cha ugoro mkononi, anawasimulia kwa Kimakonde wanawake ambao sikuwajua, wasiofanya kazi bandani. Nilichukua muda kidogo kutambua anasimulia nini. Alikuwa anasema habari za mama mmoja mmenya mabibo, na msichana aliyekuja mlangoni kwake wakati wa ukungu mzito, ukungu wa kushikika kwa mkono, ulioua mifugo. Tunda lilikuwa bibo moja kwa moja, halikuwa tena la Japani. Samaki alikuwa samaki mkavu, amepikwa. Mtoto wa kiume aliyetoroka alikuwa amepewa tabia mbaya zaidi ya zilizoandikwa, na watu walikuwa wanamsikitikia mama yake.

Bibi akafika pale msichana anapofunguliwa mlango. Alitumia neno la Kimakonde la kumpokea mgeni ambalo mimi nisingelipata hata kwa kamusi tatu, neno lenye mkeka ndani yake na maji ya kunawa. Nililisikia nikajua kwamba hapo amenishinda, na pengine amemshinda na yule mgeuzaji wa kwanza.

"Hayo yalitokea wapi?" mmoja aliuliza.

"Ng'ambo," alisema Bibi.

Hapa kwetu ukisema ng'ambo watu wanajua ni upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji. Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, akasema ana shangazi kule, na kule watu kweli wana roho hiyo. Bibi hakumsahihisha. Nami nilisogeza ndoo zangu hatua moja mbele, nikatega sikio nipate kusikia barua ataifikiaje.